Chungu Kimeinjikwa kwa Ajili ya Nani?

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Imetufikia barua kutoka kwa ndugu yetu mmoja akaaye Chepilat. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wasilijue jina hilo, basi na tuwaeleze. Ni mji mdogo wa soko katika nchi ya chai, umekaa mpakani baina ya Bomet na Nyamira, katika njia ya kutoka Sotik kwenda Kisii. Upande mmoja wakaa Wakipsigisi, upande wa pili Wakisii, na sokoni wote huuziana na kununuliana. Ndugu yetu huyu ni mtu wa pwani aliyekwenda huko kuuza vitambaa, na sasa ana miaka ishirini na zaidi pamoja na ahali yake.

Anatuandikia kwamba binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, amemwomba ruhusa ya kuwaalika wenziwe nyumbani usiku wa tarehe 31 Oktoba, usiku ambao Wazungu huuita Halloween. Tena mtoto huyu si mvivu. Amekwisha kuandika katika daftari orodha ya vyakula vyote atakavyo kuwaandalia wageni wake, na baba yake ametunakilia orodha hiyo. La kwanza ni boga lililochongwa macho na meno, na ndani yake mshumaa. La pili ni biskuti zilizofinyangwa mfano wa vidole vya mtu, na kila kidole kimetiwa lozi mahali pa ukucha. La tatu ni soseji za ng'ombe zilizoviringwa kwa kanda za unga, zipate kufanana na maiti aliyekwisha kutiwa sandani. La nne ni mayai ya kuchemsha yaliyotiwa rangi yakawa macho. Na mwisho ni sharubati nyekundu, ya kunywewa kwa jina la damu. Yote haya mtoto ameyaona katika simu ya binamu yake wa Nairobi.

Baba anauliza mambo mawili. Kwanza, vyakula hivi vina ubaya gani, maadamu hamna nguruwe wala ulevi ndani yake? Pili, akimkataza, je, hatakuwa amewavunjia heshima majirani ambao watoto wao wamekwisha kualikwa? Kisha mwisho wa barua ameongeza maneno machache ambayo yeye hakuyatilia mkazo, lakini sisi yametushughulisha kuliko yaliyotangulia. Anasema kwamba mkewe alipoisoma orodha ile alilifunga daftari, akatoka nje, asiseme neno hata jioni.

Ingalikuwa wepesi kwetu kujibu kwa neno moja, tukamwambia "haramu", tukafunga bahasha. Watu wengi hupenda majibu ya namna hiyo, kwani huwaondolea taabu ya kufikiri. Lakini mtoto aliyeweza kupanga karamu nzima katika daftari anaweza pia kufahamu sababu ya jambo, naye ana haki ya kuambiwa. Tena tulipolizungusha swali hili katika darasa letu, tuliona kwamba haliwahusu watu wa Chepilat peke yao. Limetugeukia sisi wenyewe wa pwani, na jibu lake lina uchungu kidogo.

Na tuanze kwa kuujua usiku huu ni usiku gani, maana mtu hawezi kuhukumu asilolijua. Watu wa kale wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, iitwayo Samhain, nao wakiamini kwamba usiku huo mlango baina ya walio hai na wafu huwa wazi. Walipokwisha kuingia katika Ukristo, kanisa liliweka tarehe 1 Novemba kuwa siku ya watakatifu wote, na tarehe 2 kuwa siku ya kuwaombea marehemu, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa siku hiyo ya watakatifu. Katika Uingereza ya zamani maskini walikuwa wakipita mlango kwa mlango katika siku hizo, wakipewa mikate midogo, nao wakiwaombea dua wafu wa nyumba ile. Wairish nao walichonga nyuso katika mizizi minene ya mboga iliyo jamii ya figili, wakatia taa ndani. Kisha ikaja njaa kuu ya Ireland, kutoka mwaka 1845 hata mwaka 1852, wakafa watu wapatao milioni moja, na zaidi ya idadi hiyo wakaihama nchi. Wengi walikwenda Marekani, na huko wakakuta boga, ambalo ni zao la nchi ile, kubwa na laini la kuchongwa. Basi boga likashika mahali pa ule mzizi, na baadaye wauza peremende wakashika mahali pa yule maskini.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Mwanzo palikuwa na itikadi ambayo sisi hatuikubali, lakini pia palikuwa na mtu mwenye njaa mlangoni, na mkate ulipikwa kwa ajili yake. Leo itikadi imebaki mzaha, na maskini ameondoka. Mtoto mwenye peremende nyumbani kwao huzunguka kupewa peremende nyingine, na boga zima, chakula cha watu kumi, hutiwa mshumaa na kutupwa jalalani. Sikukuu iliyobebwa na watu waliokimbia njaa imekuwa mahali pa kutupa chakula.

Sasa tuje katika swali la ndugu yetu. Chakula cha karamu hutazamwa kwa mambo matatu: chakula chenyewe ni nini, kimepikwa kwa siku gani na kwa nia gani, na kinafundisha nini nyoyo za wale wakilao.

Ama chakula chenyewe, boga halikukosa. Ni neema katika neema za Mwenyezi Mungu. Katika Qurani tumeelezwa kwamba Nabii Yunus, alipotupwa ufukoni hali ya kuwa mgonjwa, Mola wake alimwoteshea mmea utambaao, na wafasiri wengi wamesema ni wa jamii ya mumunye na boga. Naye Anas bin Malik amepokea kwamba fundi mmoja wa kushona alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula, akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wa mumunye na nyama kavu, na Anas akamwona Mtume akiyafuata yale mumunye pande zote za sahani. Tangu siku hiyo Anas mwenyewe hakuacha kuyapenda. Basi asije mtu akamtia mtoto hofu ya boga, akadhani dini imelichukia. Na unga, na mayai, na sharubati ni halali vilevile. Hapo baba amesema kweli.

Ama siku na nia, hapa ndipo mahali pa kuangalia. Abu Dawud amepokea kwamba mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana, akaja kumwuliza Mtume. Mtume hakuuliza habari ya ngamia. Aliuliza kama mahali pale palikuwa na sanamu iliyoabudiwa zama za ujinga, au kama palikuwa mahali pa sikukuu mojawapo ya watu wale. Alipoambiwa la, alimwamuru aitimize nadhiri yake. Nyama ilikuwa ni ileile kwa hali zote mbili, lakini hukumu yake ilitegemea sikukuu ya nani na kwa ajili ya nani. Na alipohamia Madina akawakuta watu wana siku mbili za kucheza, hakuwanyang'anya furaha yao wakabaki wakiwa. Aliwaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku zilizo bora, nazo ni Idi mbili. Na tulizingatie jambo hili sisi wazee na walimu. Mtume alipoondoa aliweka, lakini wengi wetu twajua kuondoa tu.

Ndugu yetu anahofu kuwavunjia heshima majirani. Hofu yake ni njema, lakini haikupata mahali pake. Jirani zake wengi ni Wakristo wa makanisa mbalimbali, Wasabato, Wakatoliki na wa Africa Gospel Church, na wengi katika hao huuchukia usiku huu kama tuuchukiavyo sisi, au hawaujui kabisa. Si sikukuu ya Wakipsigisi wala si ya Wakisii. Hakuna mzee hata mmoja wa Chepilat atakayeona kwamba amedharauliwa kwa kuwa nyumba ya Mwislamu haikuchonga boga tarehe 31 Oktoba. Mgeni huyu hakuletwa na jirani, ameletwa na simu. Na sisi hatukuamrishwa kuitii simu kwa jina la ujirani mwema.

Ama jambo la tatu, yaani kile ambacho chakula hufundisha nyoyo, hapa turejee kwa mama aliyelifunga daftari.

Wasomaji wanakumbuka yaliyoipata nchi yetu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa Kenya nzima kabla ya mapatano kutiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Mpaka wa Sotik na Borabu, ambapo Chepilat imekaa, ulikuwa mmoja wa mahali palipowaka. Maduka na nyumba zilichomwa, na vijana waliokuwa wakiuziana ndizi na maziwa walisimama wakitazamana kwa mishale na mapanga. Tulimwandikia ndugu yetu tukamwuliza mkewe alikuwa wapi siku hizo. Akajibu kwamba alikuwa hapohapo, bibi arusi wa miezi michache. Walimficha mwanamke mmoja na watoto wake katika chumba cha nyuma ya duka, wakiwalisha uji kwa siku kadha, na bibi arusi yule alimfunga kijana mmoja kwa khanga yake mkono uliokatwa kwa panga. Kijana yule alipona. Leo ni baba, na mwanawe yumo katika orodha ya walioalikwa.

Basi fikiri, ewe msomaji. Mwanamke huyu anaambiwa na bintiye akande unga afinyange vidole, atie lozi mahali pa kucha, awape watoto wacheke, na miongoni mwao ni mtoto wa mwenye mkono ule. Je, utasema kwamba hana mzaha? Mtoto hana kosa, kwani hakuwako, wala hakuambiwa. Lakini mama anajua ambalo simu haijui: kwamba viungo vya mtu si mchezo katika nchi ambayo vilitapakaa.

Mwenyezi Mungu alipotaka kutuchukiza tabia ya kusengenya, alitupigia mfano wa mtu kula nyama ya ndugu yake aliyekufa, akatukumbusha kwamba jambo hilo twalichukia. Hakuhitaji kuleta hoja nyingine. Alitegemea ile hali ya moyo wa mwanadamu ambayo hujikunja mbele ya kitendo hicho. Kujikunja huko ni amana. Na Mtume ametufundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Sasa karamu ya namna hii inamzoeza mtoto, kwa sukari na kicheko, kuondokewa na haya hiyo. Hatusemi kwamba kila mtoto aliyekula biskuti ya kidole atakuwa mkatili. Kusema hivyo ni kuzidisha. Twasema tu kwamba moyo hulelewa kwa vitu vidogo, na chakula ni kitu kidogo kirudicho kila siku.

Atasema mtu: "Ninyi masheikh hamuwapendi watoto kucheza." Si kweli. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake katika nyumba ya Mtume, na aliwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini hata akachoka mwenyewe. Kucheza ni haki ya mtoto. Na kupika ni katika michezo iliyo bora, kwani mtoto anayewapikia wenziwe anajifunza kukirimu. Sisi twampongeza binti huyu kwa daftari lake. Makosa si ya moyo wake wa kukirimu. Makosa ni ya orodha aliyopewa na watu wasiomjua.

Hapa tungaliweza kuweka kalamu chini, na wasomaji wetu wa mji wangalifurahi sana, wakasema: "Alhamdulillahi, hayo ni mambo ya bara na ya Wazungu." Lakini tumesema mwanzo kwamba swali limetugeukia, na si uaminifu kumwonyesha mwenzio doa la nguo yake ilhali yako imeroa.

Je, sisi wa pwani hatujapata kupika chakula kwa ajili ya wafu na mizimu? Tulipokuwa watoto, tuliona kwa macho yetu chano cha pepo kikiandaliwa: ndizi, miwa, mayai, bisi, halua na marashi. Watoto wa nyumba walikuwa wakikitazama kwa uchu na kukatazwa kunyoosha mkono, kwa kuwa ni cha mwenyewe, na mwenyewe haonekani. Tumeona vyakula vikipelekwa penye mibuyu na mapango. Tumesikia habari za Siku ya Mwaka, na ng'ombe akizungushwa mji kisha akachinjwa ili mji usalimike na balaa. Anayemcheka Mzungu kwa kudhani kwamba wafu hutembea tarehe 31 Oktoba, na nyumbani kwake kuna kifuko cha ubani cha kumridhisha pepo, huyo hajauchukia ushirikina. Ameuchukia ugeni tu.

Na liko lililo karibu zaidi ya hayo, ambalo si la wajinga peke yao, bali hata sisi wenye vilemba tumo ndani yake. Nalo ni karamu za matanga na hitma.

Tutasema lililotupata sisi wenyewe. Miaka ishirini na kitu iliyopita, tulipokuwa wanafunzi, tulialikwa kusoma hitma katika nyumba ya mvuvi mmoja aliyekufa akaacha mjane na watoto wadogo. Tulisoma, tukaomba dua, tukaletewa masinia ya pilau, nayo ilikuwa pilau nzuri, yenye nyama nyingi. Tulikula tukashiba, tukanawa, tukatoka tukiisifu. Baada ya siku kadha tukajua kwamba mjane aliuza mashua ya marehemu ili apate kuinunua nyama ile, kwani aliogopa watu watasema kwamba mumewe amezikwa kama asiye na wenyewe. Urithi ulikuwa haujagawanywa bado. Mashua ile ilikuwa ya watoto. Basi sisi, wasomaji wa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, tulikuwa tumeila mashua ya mayatima, na mikono yetu ilikuwa ikinukia iliki. Na katika Kitabu hichohicho tulichokuwa tumekifungua mna onyo kwamba walao mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao.

Sunna iko wazi. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaamuru watu wawapikie chakula jamaa wa Jaafar, kwa kuwa yamewafikia ya kuwashughulisha. Chungu kilitoka kwa majirani kikaenda kwenye msiba. Sisi tumekigeuza, kikawa chatoka kwenye msiba kikaenda kwa majirani. Na Jarir bin Abdillahi amesema kwamba wao masahaba walikuwa wakiyahesabu makusanyiko ya namna hiyo na kupikiwa na wafiwa kuwa ni katika kuomboleza kulikokatazwa. Hatusemi kwamba sadaka haimfai marehemu. Mtu mzima akitoa katika mali yake mwenyewe, akawalisha mafukara, pasipo kujifunga kwa siku ya tatu wala ya arobaini, amefanya jambo la heri. Lakini tazama ni nani wakaao kwenye masinia yetu. Ni sisi tulioshiba nyumbani kwetu. Yule mwenye njaa amesimama nje akingojea ukoko.

Sasa linganisha. Kule Ulaya, mkate uliopikwa kwa ajili ya maskini umekuwa peremende za walioshiba. Huku kwetu, chakula kilichodaiwa kuwa sadaka ya maiti kimekuwa karamu ya walioshiba. Watu wawili hawa hawakuigana, wala hawajuani, lakini wameanguka katika shimo moja, kwa sababu wote wawili wameacha kuuliza swali moja: chungu hiki kimeinjikwa kwa ajili ya nani?

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyelianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, alituonya mambo mawili kwa pamoja: kuiga wageni pasipo kuchagua, na kushikilia desturi zetu pasipo kuzipima. Watu wamelichukua onyo la kwanza wakaliacha la pili, kwa sababu la kwanza huwahusu wengine. Sisi twaona kwamba mawili hayo hayatengani. Anayetaka bintiye asikilize akimkataza Halloween, na aanze kwa kukizuia chungu cha matanga katika nyumba ya mjane jirani yake. Watoto huona.

Basi hili ndilo jibu letu kwa ndugu yetu wa Chepilat.

Karamu hiyo isifanywe usiku ule, wala kwa jina lile, wala kwa sura zile. Mtu anaweza kula chakula chake cha jioni tarehe 31 Oktoba kama siku nyingine yoyote, kwani tarehe haina nguvu. Kilichokatazwa ni kuufanya usiku kuwa sikukuu. Lakini asimwambie mtoto "hapana" akanyamaza. Ampe siku nyingine, Jumamosi yoyote ya mbele, na awaalike walewale aliowataka, asipunguze hata mmoja. Sahaba Abdallah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza mara kwa mara kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Basi mtoto wa Mkipsigisi na mtoto wa Mkisii wana haki katika chungu hicho, na kukaa kwao kwenye sinia moja, katika mji ule, ni ibada kubwa kuliko wanavyodhani.

Na boga linunuliwe. Likatwe vipande, lipikwe kwa tui la nazi na iliki na sukari kidogo, kama tulipikavyo pwani katika Ramadhani. Nazi ni ghali huko juu, lakini baba ni mtu wa pwani, atajua pa kuipata. Mbegu zikaushwe zikaangwe kwa chumvi. Mtoto akitaka kuwasha mshumaa, na awashe, aukae wageni katika kinara. Mama akande unga ule aliokuwa aukande vidole, afanye kaimati, na sambusa za nyama. Mmoja katika wageni aje na ndizi za kwao Kisii, na mwingine aje na mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakipsigisi yaliyolazwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, nayo ni halali na yana ladha. Chai haina haja ya kutajwa, maana imeota mpaka mlangoni.

Na kabla ya wageni kula, ipakuliwe sahani ya kwanza. Katika nchi ile wako wachumaji wa chai, wanaume kwa wanawake, watokao alfajiri na vikapu mgongoni na kurudi wamelowa umande na mvua, na wako watoto wao ambao hawajaalikwa na mtu yeyote. Sahani ya kwanza iende kwao, na aibebe binti mwenyewe kwa mikono yake. Mtume ametuambia kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha karamu wanayoitwa matajiri na kuachwa mafukara. Sahani hiyo moja ndiyo itakayoiokoa karamu.

Lakini kabla ya yote hayo, mama na akae na bintiye jikoni amweleze. Amweleze habari ya chumba cha nyuma ya duka, na uji, na khanga. Miaka kumi na miwili si midogo mno kwa jambo hilo, akielezwa na mama yake kwa upole. Mtoto akijua ni kwa nini mama yake hawezi kufinyanga vidole vya unga, hatahitaji fatwa yetu.

Nawe, binti yetu, daftari lako usilichane. Fungua ukurasa mpya, andika juu yake majina ya wale utakaowalisha, kisha ndipo uandike vyakula. Anza kwa watu, vyakula vitafuata. Nasi huku pwani tutajitahidi kufanya vivyo hivyo katika masinia yetu, kwani tuna deni la mashua ambalo hatujalilipa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaolisha chakula kwa kumpenda Yeye, wasiotaka malipo wala shukrani, na aihifadhi Chepilat na miji yetu yote kwa amani. Wabillahi taufiki.